Kamba ya Mgomba Mguuni mwa Paka

Wadogo zangu mnaobaki na ile pikipiki, kwanza jueni kwamba breki ya nyuma haishiki vizuri mkiteremka kwenda Isingiro, hata kama fundi ameapa kwa jina la mama yake. La pili, mmeniomba niandike machache ya kazini kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na mtu wa wasiwasi hasahau. Mke wangu anasema nilistaafu mimi, lakini wasiwasi wangu ukaomba mkataba wa nyongeza.

Watu watawaita dokta. Siku za mwanzo mtakataa, mtaeleza kwamba ninyi ni maofisa mifugo tu, kisha mtachoka kueleza. Mimi nilichoka mapema sana.

Nilipofika Nkwenda mara ya kwanza nilikuwa na begi moja, buti mpya zilizonibana, na kichwa kilichojaa magonjwa ya ng'ombe. Nilipokelewa na Mzee Petro, ambaye alikuwa amekaa miaka mingi kwenye josho na alinuka dawa ya kupe hata siku ya Jumapili kanisani. Asubuhi ile aliletwa mbuzi anayechechemea. Nikamrukia, nikashika mguu wa nyuma wa kushoto, nikaanza kueleza. Mzee Petro akageuza ndoo, akaniambia nikae juu yake. Akamwachia mbuzi kamba atembee uani. Nilikaa pale mpaka nikachoka kukaa, ndipo nikaona kwamba mguu unaoumwa ulikuwa ule mwingine. Mbuzi alikuwa anautupia uzito ule niliokuwa nimeushika.

"Mwache atembee kwanza," akasema. "Miguu yake inasema, wewe kazi yako ni kunyamaza."

Hakunicheka. Alikuwa mtu wa kufundisha halafu anakwenda zake kunywa chai. Nilifanya naye kazi mpaka alipostaafu, na sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu miguu ya wanyama niliipata nikiwa nimekaa juu ya ile ndoo.

Paka hamkufundishwa sana chuoni, najua, nasi hatukufundishwa. Hakuna anayemwita ofisa mifugo kwa ajili ya paka. Ng'ombe akiugua simu inapigwa, nguruwe akiugua simu inapigwa mara mbili, lakini paka huachwa apone au afe. Mimi paka nimewajua kwa sababu jiko la nyumba yangu pale Nkwenda lilikuwa kama stendi yao. Wanaingia wenyewe, hawana mwenyewe, na wengi huingia wakiwa wameumia miguu, kwa sababu paka mwenye miguu minne mizima hana haja ya kujipendekeza kwa mtu.

Basi someni miguu yao. Paka ambaye kucha zake zimechanika ncha na kubaki kama mswaki wa mti, huyo kaburuzwa, na mara nyingi ni bodaboda. Msiangalie mguu peke yake, angalieni na pumzi yake. Akiwa anaruka kila hatua na zile nyama laini za chini ya unyayo zimebabuka, amelala kwenye majivu akidhani moto umezimika. Uvimbe wenye joto na harufu ni jeraha la kugombana lililotunga usaha. Akilamba katikati ya vidole bila kupumzika, tafuteni mwiba au ncha ya nyasi, na tochi ni lazima. Lakini mkikuta mguu umevimba kuanzia mahali fulani kwenda chini, na huko chini ni baridi, acheni vyote. Kuna kitu kimeubana. Pitisheni kidole chini ya manyoya, polepole, kukizunguka kile kifundo, kwa sababu macho hayatakiona.

Begi langu lilikuwa na taulo nzito, tochi, mkasi mdogo wenye ncha butu, na mche wa sabuni ya kufulia. Wenzangu walinitania kwa ile sabuni. Walisema nikistaafu nitafungua duka. Wacha niwaambie ile sabuni ilitoka wapi.

Miaka yangu ya mwanzoni niliitwa kwenda kumwona mbwa ambaye alikuwa amekwisha uawa na kuzikwa. Mwenye mbwa, baba mmoja aliyeng'atwa wiki nyingi kabla na kidonda chake kikapona vizuri, alikuwa amekaa mlangoni. Aliomba maji. Walipomletea kikombe alikitazama, akataka kukishika, koo likamkaza, akakitupa. Alikuwa na akili zake timamu na alikuwa na aibu mbele yetu. Sikuwa na la kumfanyia, na hospitali nayo haikuwa na la kumfanyia tena. Kilikuwa kichaa cha mbwa, na tangu siku ile kila nikisikia neno "ameng'atwa" nashtuka na kutafuta sabuni, kwa sababu kidonda kikisuguliwa mapema sumu ya yale mate hupungua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikuumwa hata mara moja, nilimwona tu aliyeumwa.

Sasa nije kwenye kisa cha Vestina, ambacho ndicho mlichotaka. Kilitokea katika miezi yangu ya mwisho kazini, nilipokuwa nimeanza kuhesabika kama mtu anayeaga.

Simu ilipigwa na kijana mmoja wa Isingiro anayeitwa Deus, mkulima wa kahawa na ndizi. Akanisalimia shikamoo mzee, kwa adabu zote, kisha akaniuliza kama akitaka kumuua paka ampige wapi, kwa kuwa anakumbuka siku ya chanjo ya mbwa nilisema kichwani hapana. Nilisema hivyo kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa kichaa, lakini kwanza nilisema mnyama asiuawe, afungiwe. Hivyo ndivyo mafunzo yetu yanavyofika vijijini, wadogo zangu: nusu yake, na nusu yenyewe ni ile ya mwisho. Nilimuuliza paka kafanya nini. Akasema kamng'ata mkewe. Nikamwambia asimpige popote, amfunike kwa tenga, nami niko njiani.

Nilikuta watu watatu uani. Deus alikuwa ameshika jembe. Mkewe Vestina alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umefungwa kitambaa chenye majani yaliyopondwa, na tumbo lake lilikuwa kubwa. Mimba yake ya kwanza iliyofika hapo, mbili zilikuwa zimetoka. Mama mkwe wake, Bibi Kagemulo, alikuwa amesimama karibu na tenga lililopinduliwa, jiwe juu yake. Ndani ya tenga mlikuwa kimya.

Nikamwamkia bibi, akaniitikia, akaanza kunieleza habari za paka. Nikamwomba anisamehe, mgonjwa wa kwanza ni mtu. Nilimfungua Vestina kitambaa, nikatoa yale majani, nikamwagia maji kutoka kwenye dumu huku nikisugua kwa sabuni. Mashimo manne, mawili yameingia ndani karibu na kidole gumba. Nikasugua mpaka Deus akauliza kama nataka kuutoa mkono wote. Nikamwambia akalete dumu la pili.

Wakati maji yanatiririka Vestina akanihadithia. Paka alikuja mwenyewe tangu wakati wa kuvuna maharage, nao wakamfurahia kwa sababu panya walikuwa wanatoboa magunia na kuguguna hata nyayo za waliolala. Lakini siku za karibuni alikuwa anatembea kwa miguu mitatu, amejikunja nyuma ya mafiga, hali chakula, na mate yanamtoka. Asubuhi hiyo Vestina alimwonea huruma. Akamshika mguu atafute mwiba, akabonyeza, paka akamng'ata na hakuachia upesi.

Mate yanamtoka. Nilisikia hayo maneno mawili na mikono yangu ikaendelea kusugua, lakini mimi mwenyewe sikuwepo tena pale.

Nilipomaliza nikamwambia bila kuzunguka kwamba tunakwenda hospitali sasa hivi kwa sindano. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Vestina akaweka mkono mzima juu ya tumbo, akatikisa kichwa. Bibi Kagemulo akajibu kwa niaba yake. Kaka yake bibi, zamani, aling'atwa na mbwa, akapelekwa, na yeye bibi mwenyewe ndiye aliyemsindikiza. Alichomwa zote hapa, akaonyesha kitovu. Sindano ndefu, siku baada ya siku, tumboni.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "huyu utamchoma wapi pasipo na mtoto?"

Nami nilijua hasemi uongo. Zamani zilichomwa tumboni kweli. Nikaeleza kwamba siku hizi ni begani, na mjamzito anachomwa bila shida. Niliwaona wananisikiliza kwa heshima na hawaniamini. Mimi ni mtu wa ng'ombe, na bibi aliona kwa macho yake. Mimba mbili zimetoka. Ningekuwa mimi ndiye Vestina, nisingemwamini mtu mwenye buti za matope.

Ndipo Vestina akatoa shauri lake. "Mwangalie paka kwanza, Dokta. Ukikuta ana kichaa, nitakwenda, Mungu ataamua. Ukikuta ni mguu tu, uniache na mtoto wangu."

Sikuupenda mpango huo hata kidogo, lakini nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza kuelekea tenga, na wote wameiona. Nikaketi chini. Nikainua ukingo wa tenga kidogo na kumtazama akiwa humo humo. Aliifuata tochi yangu kwa macho. Alikuwa paka wa kijivu, amekonda, kidevu kimelowa. Mguu wa mbele wa kulia alikuwa ameuning'iniza, na unyayo ulikuwa umevimba kama ndizi mshare. Nikamtupia taulo, nikamkandamiza, na kabla sijamzungusha vizuri akapenyeza kucha za mguu mzima akanikwaruza kifundo cha mkono mpaka damu. Nikamsikia Deus nyuma yangu akisonya.

Unyayo ulikuwa baridi. Nikapitisha kidole juu ya kifundo, chini ya manyoya, na kidole kikaingia kwenye mfereji. Ndani ya mfereji kulikuwa na uzi. Mkasi wangu butu ukatafuta njia, paka akalia sauti moja ya kukata roho, na uzi ukakatika. Nikauvuta, nikauweka kiganjani. Ilikuwa kamba ya mgomba, imekauka na kusokoteka ikawa nyembamba kama waya.

Bibi Kagemulo aliitazama kwa muda, kisha akakaa chini palepale.

Kamba ile alikuwa ameifunga yeye. Mnajua desturi ya kwetu: paka mgeni hafukuzwi na haaminiwi. Anafungwa mguu karibu na mafiga kwa siku za mwanzo, alishwe hapo, azoee moshi wa nyumba hiyo, ndipo anafunguliwa. Watu hutumia kamba mbichi ya mgomba kwa sababu ni laini na iko kila kibanja cha migomba. Laini kweli, ikiwa mbichi. Paka wa bibi aliitafuna kamba akajifungua, wakakuta kipande kirefu kimebaki kwenye nguzo wakacheka kwamba mgeni amekataa ndoa. Hakuna aliyekumbuka kitanzi. Kikakauka juu ya mguu, kikajivuta, manyoya yakakifunika. Hata mate nilipata sababu yake, maana fizi zilikuwa zimechanika kwa kujitafuna.

Furaha iliyoingia uani ilinitisha kuliko jembe la Deus. Aliliweka jembe chini akacheka kwa sauti. Vestina alifunga macho akasema asante Yesu. Kila kitu kilikuwa kimepata maelezo: kuchechemea, kutokula, mate, na kung'ata. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka nao. Nilikuwa nimechoka, nimebakiza miezi michache, na jibu zuri kama lile halipatikani kila siku. Laiti ningenyamaza, wangenichinjia kuku.

Lakini kamba inaeleza mguu. Haielezi paka huyu alikuwa wapi kabla ya maharage kuvunwa, aligombana na nani, na nani alimng'ata. Mnyama anaweza kuwa na kamba mguuni na kichaa damuni kwa wakati mmoja. Ugonjwa hauulizi kama nafasi imechukuliwa. Na kama ningelisema lile neno walilokuwa wanalisubiri, "ni mguu tu," Vestina angerudi jikoni kwa furaha, na mimi ningekaa kungoja wiki nyingi kujua kama nimemuua pamoja na mtoto wake. Nilimwona tena yule baba na kikombe chake.

Nikawaambia hivyo hivyo. Furaha ikazimika, na Deus akanitazama kama mtu aliyekuja kuharibu harusi. Vestina akaanza kulia, akasema nilikuwa nimekubali shauri lake. Kweli nilikuwa nimekubali kwa kukaa chini.

 Nikautazama mkono wangu, damu ya mkwaruzo imechanganyika na mate ya paka, nikaanza kuuosha kwa ile sabuni, na hapo ndipo wazo likaja, si kwa akili bali kwa hofu. Mimi nilichanjwa zamani kwa sababu ya kazi, lakini mtu akiguswa namna ile ni lazima akaongezewe. Nikamwambia bibi, "Mama, na mimi nakwenda kuchomwa leo. Twende wote watatu. Nitachomwa mimi kwanza mbele yako. Ukiona wananifunua tumbo, mchukue mkweo mrudi nyumbani, na mimi sitasema neno."

Bibi alifikiri. Nadhani kamba ile ilimsukuma kuliko maneno yangu. Akaingia ndani akatoka na kitenge cha kutokea.

Pigeni simu kwanza kuuliza chanjo iko wapi; hilo lisiwatoke. Niliuliza nikaambiwa ipo hospitali upande wa Kayanga. Tukaenda kwa gari la mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa akipita, bibi katikati, na dereva, ambaye hakujua tunakwenda kufanya nini, akaongea kwa niaba yetu sote. Njiani Vestina alishika tumbo kila gari lilipoingia kwenye shimo, nami nikahesabu dhambi zangu.

Nesi alishangaa kuona bibi kizee amekataa kukaa nje. Alisimama karibu kiasi kwamba kitenge chake kilinigusa goti. Nilivua shati, nikampa bega, sindano ikaingia na kutoka. Bibi akamuuliza nesi sindano nyingine itachomwa wapi. Nesi akasema siku nyingine, bega hilohilo au lile lingine. Bibi akanitazama tumbo, ambalo lilikuwa wazi na halina lolote ila mafuta ya uzeeni, akamgeukia mkwewe kwa Kinyambo, lugha ya kwao. Alisema maneno machache. Vestina akakunja mkono wa gauni.

Nikawapa maagizo. Paka akae chumba kimoja siku kumi, ale, anywe, tumwangalie. Akibaki mzima na mambo yake yote, tutapumua. Asifungwe kamba. Hilo la kamba nililisema kwa mkazo, Mungu anisamehe, nikasahau kwamba nasema na mtu ambaye ameshajihukumu.

Nilipiga simu kila asubuhi. Siku za mwanzo habari zilikuwa nzuri: amekunywa, amekula dagaa, unyayo umepata joto, ameukanyagia kidogo. Halafu asubuhi moja Deus akapokea bila hata kuniamkia. Paka hayupo. Nikaendesha mpaka Isingiro bila kukumbuka breki. Tulimtafuta kwenye migomba, kwenye shimo la choo, kwa majirani, chini ya makanda ya kahawa. Bibi Kagemulo hakutafuta. Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko. Alinieleza kwamba paka alilia mlangoni tangu alfajiri, analia na kukwaruza.

"Nilimfunga akaumia," akasema. "Nikaona mlango nao ni kamba. Nikafungua."

Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Nilikaa naye pale mlangoni, nikiwaza kwamba sasa hakuna jibu litakalokuja. Siku ya sindano iliyofuata ilikuwa kesho yake, na niliogopa kumtazama Vestina, kwa maana angeweza kusema paka ameondoka akila vizuri, yamekwisha. Yeye ndiye aliyekuja akasimama mbele yangu, akaniuliza sasa nani atatuambia. Nikamwambia hakuna. Akageuka akamwambia mumewe amtafutie usafiri wa kesho mapema. Akazimaliza sindano zote. Mimi niliendelea kupiga simu kila asubuhi hata baada ya hapo, kwa visingizio vya nguruwe, mpaka Deus akaniambia, kwa adabu zote, kwamba hawana nguruwe.

Mtoto alizaliwa wa kike, analia kwa nguvu kuliko mama yake alivyowahi kulia. Nilikwenda kumwona na wiki chache baadaye nikaenda tena, safari hii kuaga, kwa sababu barua yangu ya kustaafu ilikuwa imefika. Bibi alikuwa shambani. Vestina alikuwa ameketi uani ananyonyesha. Tuliongea habari za mvua na bei ya kahawa, halafu akaniuliza, bila kuinua macho, yule paka alikuwa na kichaa au hakuwa nacho.

"Sijui," nikamwambia. "Na sitajua."

Akamfuta mtoto maziwa kidevuni. "Kumbe nilichomwa zote zile kwa ajili ya sijui."

Nikamwambia ndiyo, ni kwa ajili hiyo. Akaitikia kwa kichwa, akamhamishia mtoto ziwa la pili.